Samaki hai hangoji muhuri

Ukiingia Zone Industrielle hapa Bujumbura, kitu cha kwanza kukupokea ni malori. Yamepangwa nje ya maghala, mengi yana namba za Tanzania, na madereva wamelala kwenye kivuli cha tela wakingoja karatasi zitoke. Huku kila kitu kinapimwa kwa tani: saruji, mabati, unga, mafuta ya mawese, kreti za bia. Hutarajii kukuta bahari.

Lakini nyuma ya ghala moja kuna nyumba ya wakala wa forodha ninayemfahamu kwa miaka kadhaa, na sebuleni kwake kuna bahari ya lita 200. Ni tangi la kioo lenye maji ya chumvi, miamba, taa ya buluu na samaki watatu wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Watoto wa jirani huja jioni kuwatazama. Wageni humuuliza kama ana wazimu, maana bahari iliyo karibu zaidi ipo zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa.

Naandika juu ya tangi hili kwa sababu limenionyesha tatizo ambalo wewe unayevuka Kobero au Gatumba na kuku, nyanya au ndagala mbichi unalijua kwa uchungu. Mipaka yetu imejifunza kuhesabu pesa, lakini haijajifunza kuhesabu saa.

Tuanze na tangi lenyewe. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, kwa hiyo lita 200 zinataka kilo saba. Chumvi ya jikoni haifai, kwa sababu bahari ina pia kalisi, magnesi na madini mengine ambayo matumbawe huyatumia kujenga mifupa yake. Basi rafiki yangu aliagiza chumvi maalumu kutoka ng'ambo, ikashuka bandari ya Dar es Salaam na kupanda lori hadi hapa, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Taa na pampu zikafuata njia hiyo hiyo. Kioo kilikatwa na kuunganishwa na fundi wa hapa mjini. Maji ya bomba ya Regideso ilibidi yachujwe kwanza kuondoa klorini.

Baada ya hapo, hakutia samaki. Hili ndilo linalowashinda wengi. Tangi jipya ni sumu hata likionekana safi kama maji ya kunywa. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huzaa amonia, na amonia huua. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaweza kuistahimili kwa kiasi. Bakteria hao huota kwenye miamba na mchanga polepole, kwa wiki nne hadi sita au zaidi. Kwa muda huo wote, tajiri wa tangi hutazama maji matupu na kupima. Hapa umeme hukatika, kwa hiyo alinunua pia batri na pampu ndogo ya hewa, kwa maana pampu ikisimama usiku mzima, hewa huisha majini na kazi ya wiki nyingi hufa.

Subira hiyo haikumgharimu sana. Kilichomgharimu ni subira ya pili.

Samaki wake wanane walitoka pwani ya Kenya, ambako wapiga mbizi wenye leseni wamekuwa wakikamata samaki wa mapambo kwa miaka mingi na kuwauza nchi za nje. Samaki hai husafirishwa hivi: hunyimwa chakula siku moja au mbili ili wasichafue maji, kisha kila mmoja huwekwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, mfuko hufungwa kwa mpira na kuwekwa ndani ya boksi linalozuia joto. Wakifungwa vizuri huvumilia siku nzima, hata zaidi. Kutoka Nairobi hadi Bujumbura kwa ndege ni safari isiyofika saa mbili na nusu. Samaki walifika hapa wazima wote wanane.

Walilala kwenye boksi usiku wa pili kwa sababu karatasi moja ilikosa sahihi, na mwenye sahihi alikuwa ameondoka. Cheti cha afya walichokuja nacho kilikuwa halali kilikotoka, lakini ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilitaka kingine cha hapa juu yake. Asubuhi yake afisa mmoja, kwa nia njema kabisa, alifungua mifuko kadhaa ili ahakikishe kilichomo. Samaki akikaa muda mrefu mfukoni, pumzi yake hufanya maji kuwa na tindikali, na amonia iliyomo huwa haina makali. Ukifungua mfuko, ile hewa chafu hutoka, tindikali hupungua, na amonia ile ile hugeuka sumu kali kwa muda mfupi. Samaki hao walipaswa kuhamishwa mara moja kwenye maji safi. Hawakuhamishwa. Walibaki watatu.

"Hakuna aliyeniomba hata faranga moja," rafiki yangu aliniambia. "Hakuna aliyenitukana. Kila mtu alifanya kazi yake, na samaki wakafa."

Maneno hayo yamenikaa. Tumezoea kulaumu rushwa, na rushwa ipo. Lakini hasara nyingi za mfanyabiashara mdogo hazitokani na mtu mbaya. Zinatokana na utaratibu uliotungwa kwa ajili ya saruji. Saruji ikilala ghalani siku mbili, mwenye mali amelipa gharama ya ghala tu. Kifaranga akilala siku mbili bila maji, amekufa. Nyanya zikilala siku mbili juani, zimekuwa uji. Mama anayeleta maziwa hana kesho. Hawa wote hupitia dirisha lile lile, kwenye foleni ile ile, na mwenye tani 30 za mabati.

Mtu atasema tumepiga hatua, na ni kweli. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Soko la pamoja lilianza mwaka 2010. Mfanyabiashara mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anaweza kutumia hati rahisi ya asili ya bidhaa, na bidhaa zilizotengenezwa au kuzalishwa ndani ya Jumuiya zikaepuka ushuru wa forodha. Tuna sheria ya vituo vya pamoja vya mipakani ya mwaka 2016, na ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiushuru ya mwaka 2017. Pale Kobero na Kabanga, maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja.

Lakini soma vizuri unachopewa. Hati rahisi inakupunguzia ushuru. Haikupunguzii cheti cha afya ya mnyama, wala cha mimea, wala kibali cha uvuvi. Itifaki ya Jumuiya kuhusu afya ya mimea na wanyama ilitiwa saini mwaka 2013, lakini mtu aliye mpakani na kreti ya vifaranga bado anaweza kuulizwa karatasi mbili zinazosema neno lile lile.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili, maana afisa anayekagua samaki si mjinga. Gugu maji, lile lililofunga bandari na kuharibu nyavu katika Ziwa Victoria, ni mmea wa Amerika Kusini uliopendwa na watu kwa uzuri wa ua lake. Ulionekana ziwani humo mwishoni mwa miaka ya 1980, na sehemu yake ilishuka na mto Kagera, ambao maji yake huanzia huku kwetu. Sangara alipandikizwa kwenye ziwa hilo hilo katika miaka ya 1950 na kumaliza samaki wengi wa asili. Kule Florida na visiwa vya Karibi, samaki mwenye miiba ya sumu ambaye kwake ni bahari yetu hii ya Hindi na Pasifiki amesambaa kila mahali, na wataalamu wengi wanaona chanzo ni matangi ya nyumbani. Anayetaka mipaka isiyokagua viumbe hai hajui anachokiomba.

Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii moja, wa ukoo wa sato, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Samaki mmoja wa maji baridi kutoka mbali, akitupwa ziwani na mtu aliyechoka kumlisha, anaweza kuleta ugonjwa ambao hakuna nchi kati ya nne zinazolizunguka ziwa itakayouzuia. Samaki wa maji chumvi hawezi kuishi ziwani humo hata siku chache. Afisa aliyefunzwa angejua tofauti hiyo: wa kwanza amkague kwa ukali, wa pili ampitishe. Leo wote wawili wanasubiri sahihi moja.

Na tusifikiri kwamba samaki hai ni anasa ya mtu mmoja wa Zone Industrielle. Bujumbura ilikuwa na biashara hii kabla wengi wetu hatujazaliwa. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard aliweka hapa kituo cha kukusanya samaki wa ziwa hili na kuwapeleka kwa ndege Ulaya na Marekani. Aliandika vitabu viwili vikubwa kuwahusu, mwaka 1978 na mwaka 1989, na mmoja wa samaki hao amepewa jina lake. Mpaka leo, anayefuga samaki Ujerumani au Japani anaitambua "Frontosa ya Burundi" kwa mistari yake myeusi, hata kama hawezi kuionyesha Burundi kwenye ramani. Sehemu kubwa ya samaki wa Tanganyika wanaouzwa huko sasa huzalishwa huko huko, kwenye matangi ya wafugaji. Jina limebaki letu, pesa zinabaki kwao.

Rafiki yangu amegundua jambo ambalo lingempunguzia gharama nusu. Maji ya Tanganyika ni magumu na yana alkali nyingi, kiasi cha pH 9, juu hata ya maji ya bahari yaliyo karibu 8.2. Samaki wake wana rangi zinazokaribia za samaki wa matumbawe, na hawahitaji kilo saba za chumvi kutoka ng'ambo. Anafikiria kuweka tangi la pili, la samaki wa ziwa waliozalishwa hapa, na kuwauzia hoteli za Kigali, Nairobi na Dar es Salaam. Anajua kuwafuga. Anajua kuwafunga mfukoni. Anachokiogopa ni usiku wa pili kwenye boksi.

Kwa hiyo nasema mambo matatu, na si ya samaki peke yake.

Kwanza, kila kituo cha pamoja kiwe na dirisha la mzigo hai na mzigo unaooza, na ukutani paandikwe saa ambazo mzigo huo hautazidi. Zihesabiwe saa, si siku za kazi. Saa zikipita, afisa aandike sababu na jina lake.

Pili, cheti cha afya kilichotolewa na mamlaka ya nchi moja ya Jumuiya kikubaliwe nchi nyingine kwa mzigo wa kawaida, na ukaguzi wa pili ubaki kwa mzigo wenye hatari inayojulikana. Anayekagua afunzwe. Afisa asiyejua wakati gani mfuko usifunguliwe ataua samaki hata akiwa mwaminifu kama malaika.

Tatu ni letu sisi. Dirisha la haraka litafungwa wiki ya kwanza iwapo mtu atapitisha ndani yake kitu cha kuficha. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES na hayavuki mpaka wa nchi bila kibali, hata kipande cha ukubwa wa kidole. Matumbawe ya Bahari ya Hindi yaliungua vibaya kwa joto la mwaka 1998, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza mpauko mwingine wa dunia nzima. Rafiki yangu alijenga tangi lake kwa mawe makavu na hajanunua tumbawe hata moja. Anangoja kibali. Subira ya namna hiyo ina maana, kwa sababu inalinda kitu.

Nilipopita kwake juzi, samaki watatu walikuwa wakizunguka jiwe lao. Nje, dereva mmoja alikuwa akipiga simu kwa mara ya tatu kuulizia karatasi yake. Nilimuuliza amebeba nini. Akajibu ni mabati, kisha akacheka: "Haya hayaozi, kaka. Ningekuwa na vitunguu ningekuwa nalia."