AFYA YA FAMILIA: Dawa ya ini ikikuchosha, usiiache njiani

Mwezi huu tunaongea na wale waliopimwa wakakutwa na homa ya ini aina ya C na sasa wako kwenye dawa. Na nyinyi mnaokaa nao nyumba moja, msome pia.

Kwanza ile hofu ya zamani. Wengi wamesikia habari za sindano za interferoni: kila wiki sindano, miezi 6 hata mwaka mzima, mtu anatetemeka kama ana malaria na roho inajaa huzuni. Ni habari za kweli, lakini ni za dawa nyingine. Hapa Rwanda serikali ilianza mpango wa kutokomeza ugonjwa huu Desemba 2018, na matibabu ya siku hizi ni vidonge. Sofosbuviri pamoja na daklatasviri humezwa mara moja kwa siku, kwa kawaida wiki 12. Shirika la Afya Duniani linasema dawa za namna hii zinaponya zaidi ya watu 95 kati ya 100.

Ila navyo vina usumbufu wake: kichwa kuuma, uchovu, kichefuchefu, usingizi kukata. Kichefuchefu kikikusumbua, meza dawa baada ya kula, hata kama ni uji tu. Kama dawa inakuchosha mchana, omba muuguzi akuhamishie saa ya usiku. Kama inakukatia usingizi, asubuhi ni afadhali. Kunywa maji. Kichwa kikiuma, uliza kwanza kabla ya kununua kidonge sokoni, maana parasetamoli nyingi huumiza ini.

Uchovu ndio unaoleta maneno nyumbani. Mama analala saa nne asubuhi, watu wanasema ati amekuwa mvivu. Jamani! Bidoni la maji libebwe na mwingine kwa hizo wiki 12. Baba naye asiletewe kanyanga “kidogo tu ya kuchangamsha”. Ini lake halina nafasi hiyo.

Majani ya kienyeji je? Usichanganye bila kumwambia daktari. Mwambie pia kama unatumia dawa za kifua kikuu, kifafa, moyo au virusi vya UKIMWI, kwani baadhi zinaiondolea dawa ya ini nguvu na nyingine ni hatari zikikutana nayo.

Macho yakiwa ya njano, tumbo likijaa maji, ukitapika damu, ukizimia au ukianza kuchanganyikiwa, usingoje kesho. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Ukisahau dozi, imeze ukikumbuka siku hiyo hiyo, lakini usimeze dozi mbili pamoja. Wala usimgawie mume au mke “naye apone”. Apimwe, apewe zake. Na kama jina lako limetoka kwenye orodha ya safari, iwe kurudi nyumbani au kwenda nchi ya tatu, mwambie muuguzi mapema uondoke na vidonge vilivyobaki na karatasi zako.

Wiki 12 baada ya kumaliza utapimwa damu tena kuona kama virusi vimekwisha. Karatasi ya majibu hayo itunze vizuri. Kile kipimo cha haraka cha kwanza kitaendelea kuonyesha alama ya ugonjwa hata kama umepona, na daktari wa mbele asiyekujua anaweza kukuanzishia dawa upya.