Krimu za Kahama na Katoro zipimwe kama dhahabu: Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Kahama kuhusu krimu za kuondoa makunyanzi. Mbele ya saruji, nondo na mafuta ya kula mnayokagua kila siku, huenda jambo hili likaonekana dogo. Huku kwetu si dogo. Katika mkoa wa Shinyanga na mikoa jirani, uso wa mwanamke mzee umewahi kumgharimu uhai. Bibi aliyepikia kuni na mavi makavu ya ng'ombe tangu usichana wake, macho yakawa mekundu kwa moshi na ngozi ikajikunja kwa jua la shambani, aliitwa mchawi akakatwa mapanga. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeyaandika mauaji hayo katika ripoti zake mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo mama wa miaka 50 anapoulizia dukani dawa ya kulainisha uso, naomba ofisi yako isimwone kuwa mpenda anasa.

Anachouziwa ndicho kinachonifanya niandike. Ni kopo lenye picha ya binti mbichi na maandishi ya lugha asiyoisoma, au ni mkorogo uliopakuliwa kwenye kikopo kisicho na lebo. Anaambiwa apake usiku, na ndani ya wiki chache uso unang'aa kweli. Unang'aa kwa sababu zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake. Makunyanzi yako palepale. Wakati huohuo zebaki inapenya mwilini, na figo na mishipa ya fahamu ndizo zinazolipa. Pengine si zebaki bali ni clobetasol, dawa nzuri ya ukurutu daktari akiisimamia. Ikipakwa usoni kila siku kwa miezi, ngozi huwa nyembamba, vimishipa vya damu vinaonekana, na ngozi iliyokonda hivyo hujikunja kuliko mwanzo. Haidrokwinoni, kiambato kingine cha kung'arisha ngozi, nayo ikitumika muda mrefu huweza kuacha mabaka ya weusi wa samawati ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Mama aliyetaka kurudisha ujana anauziwa uzee, na juu yake ugonjwa.

Sasa fikiria mama huyo anaishi kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo. Mchana yuko mwaloni, karibu na makarasha ya kusagia mawe, anaosha mchanga na kuukamata unga wa dhahabu kwa zebaki. Donge hilo likichomwa, mvuke wake anauvuta yeye na mtoto aliye mgongoni. Usiku anajipaka zebaki nyingine usoni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na jina la mkataba huo ni la mji wa Japani ambako mwaka 1956 ilibainika kwamba watu wanaugua. Baadaye ikathibitika kuwa walikula samaki wenye zebaki iliyomwagwa na kiwanda. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana Geneva kwamba kufikia 2025 vipodozi vilivyotiwa zebaki visitengenezwe wala kuuzwa nje ya nchi au kuingizwa, hata kwa kile kiwango cha sehemu moja katika milioni kilichokuwa kikivumiliwa. Habari za zebaki ya mialoni tunazisikia. Ile ya kwenye kopo haizungumzwi, ilhali mwili unaozipokea ni mmoja.

Tangu mwaka 2019, usimamizi wa vipodozi ulipotoka kwa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), kazi hii ni ya shirika lako. Mnasajili vipodozi na maduka yake, mnakamata na kuteketeza vilivyopigwa marufuku. Ni kazi njema. Lakini orodha ya vilivyokatazwa haimsaidii mnunuzi aliyesimama kaunta na shilingi elfu kumi mkononi, anayetaka kujua kipi kinafanya kazi. Huyo hajibiwi na mtu ila muuzaji.

Na jibu lipo. Kinachokunja ngozi kuliko vingine, ukiacha umri, ni jua. Utafiti uliofanyika Nambour, Australia, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwafuatilia watu wazima 903 kwa miaka minne na nusu. Waliopaka kinga ya jua kila siku, ngozi zao zilizeeka kwa asilimia 24 chini ya wenzao. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, na ndiyo hiyo mkorogo unayoiondoa. Kofia pana, mtandio na turubai la kivuli mwaloni vinashinda makopo mengi. Nchini tunayo hata krimu ya kukinga jua inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Dawa ya tretinoin, iliyochunguzwa kwa makunyanzi tangu miaka ya 1980, hupunguza makunyanzi madogo kweli, ila huchukua miezi, huanza kwa kuwasha, huhitaji daktari na haifai kwa mjamzito. Glisirini na mafuta ya mgando hulainisha tu, wala hayadanganyi mtu.

Naomba basi mambo mawili. Kwanza, atakayeandika kwenye kopo kwamba bidhaa yake inaondoa makunyanzi awaonyeshe ninyi ushahidi kabla ya kusajiliwa, na viambato vyake viandikwe kwa Kiswahili.

Pili, mje mpime huku huku. Geita ilifunguliwa soko la dhahabu Machi 2019, na katika masoko ya madini ziko mashine za miale ya eksirei zinazosoma ubora wa dhahabu kwa dakika chache bila kuiharibu. Mashine za aina hiyo, zikirekebishwa, hubaini zebaki ndani ya krimu, kwani krimu iliyotiwa zebaki kwa makusudi huweza kuwa nayo maelfu ya sehemu katika milioni. Leteni moja Katoro na Kahama siku za gulio, kila mama aje na kopo lake apimiwe bure, na asinyang'anywe wala kutozwa faini. Anayetafutwa ni aliyemuuzia. Majina ya bidhaa zitakazokutwa na zebaki yabandikwe kwenye ofisi za kata na milango ya zahanati siku hiyohiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kahama