Filamu za Turkana zirudi nyumbani

Mhariri,

Wengi wanaokuja Turkana na kamera hutafuta ukame na mizoga ya mbuzi. Watengenezaji filamu David na Judith MacDougall walifanya tofauti: mwaka 1973 na 1974 walikaa na jamaa ya mzee Lorang, wakatoa filamu tatu, mojawapo Lorang's Way ya 1979. Wanafunzi ng'ambo wanazisoma. Hapa Lodwar, waulize vijana wangapi wameziona.

Kakuma wametutangulia. Shirika la FilmAid lilianza kuonyesha filamu katika kambi ya wakimbizi ya huko mwaka 2001, kisha likawafunza vijana wakimbizi kushika kamera wenyewe. Nairobi nako kuna Docubox, mfuko ulioanzishwa na Judy Kibinge kuwafadhili watengenezaji huru wa filamu za makala. Fedha ni muhimu, sikatai. Lakini mtengenezaji anahitaji pia mama wa Kiturkana aketi mbele ya skrini amwambie, "Hapo umetusingizia."

Kwa hiyo naiomba kaunti itenge ukumbi mmoja mjini, na projekta, usiku mmoja kila mwezi. Tuanze na mzee Lorang. Baadaye wenyeji na wakimbizi walete kazi zao, na kiingilio, hata kiwe shilingi hamsini, waachiwe walioitengeneza filamu.

Msomaji wako,
Lodwar