Unyevu wa Pwani Usipuuzwe

Serikali ya Kaunti ya Kilifi isipokee mradi wowote wa kuhifadhi chakula ambao haujajaribiwa hapa hapa Pwani, mvua ndefu zikinyesha. Kinachofaa maeneo makavu huoza kwetu, na anayelipa gharama ni maskini.

Mwaka 2000 mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alipata tuzo ya Rolex kwa mtungi wa kupozea mboga, wa vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, vilivyotenganishwa kwa mchanga uliolowa. Kaskazini mwa Nigeria ni kukavu. Maji hukauka upesi yakiondoka na joto, na nyanya hukaa takriban wiki tatu. Ubunifu huo tunauheshimu. Lakini Malindi hewa yenyewe imelowa. Maji hayakauki upesi, mtungi haupoi vya kutosha, mboga zinaota ukungu. Kibanda cha kupozea chenye kuta za makaa yaliyoloweshwa hufuata kanuni hiyo hiyo. Mkulima wa Magarini anayeuziwa kimojawapo amepunjwa.

Wazee wetu waliijua hewa hii. Wagiriama waliweka mahindi uchagani, juu ya meko, moshi ukifukuza wadudu na kuyakausha. Wavuvi walitia papa chumvi wakamwanika. Hapo ndipo pa kuanzia. Ghana, yenye pwani ya joto na unyevu kama yetu, ilifanya hivyo miaka mingi iliyopita kwa tanuri la Chorkor, lililopewa jina la kijiji cha wavuvi kando ya Accra. Ni la udongo, trei zake hupangwa juu kwa juu, hula kuni chache na hubakiza moshi kwenye samaki badala ya macho ya mama. Kwa nini mama karanga, wakaanga samaki wetu, wa Ngomeni na Mayungu wasijengewe? Samaki na maembe ya achari nayo yatoke mchangani na juu ya mabati, yaanikwe kwenye vichanja vilivyoinuliwa, vyenye chandarua na paa la plastiki.

Kwa mahindi hatutasema kwa upole, kwa sababu yanaua. Mwaka 2004 aflatoksini, sumu ya kuvu, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mfuko usiopitisha hewa huwaua dumuzi bila dawa, lakini ukitiwa mahindi mabichi yataharibika humo humo. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo cha kisasa atie mahindi na chumvi katika chupa kavu ya kioo, atikise, atulize: chumvi ikinata ubavuni, mahindi yarudi juani. Hiyo chumvi ikaangwe kwanza, maana nayo hunywa unyevu wa Pwani. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Bado yaanikwe zaidi kabla ya kufungwa. Chumvi yavunwa Gongoni. Ni aibu kwamba ujuzi wa bei ya kijiko kimoja usimfikie mkulima wa Ganze kwa kukosa afisa wa ugani wa kumwonyesha.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kaunti kilimo na uvuvi. Kisingizio cha Nairobi hakipo. Bajeti isiyotenga fedha za vichanja, matanuri, mifuko na maafisa wa kufundisha matumizi yake, wawakilishi wadi waikatae.