Insha ya kubuni, lakini nani alibuni?

Nikiwa darasa la saba, mwalimu alitupa insha: "Safari niliyoifurahia." Mimi nilikuwa sijasafiri popote, so nikaandika kuhusu matatu ya mtaa wetu. Makanga akining'inia mlangoni, muziki ukitetemesha viti, na mama mwenye kuku kwa kikapu akidai chenji yake. Nilipata 17 kwa 40. Chini, kwa kalamu nyekundu: "Lugha ya makanga!"

Rafiki yangu kwa dawati aliraukia alfajiri na mapema, akastaftahi, akapanda ndege hadi Uingereza. Alipata 34. Uwanja wa ndege wenyewe hakuwa ameuona.

Kama umesomea Kenya, unajua huo mchezo. Una daftari la misamiati, utangulizi umeukariri, hitimisho pia. Unabandika kwa kila insha, iwe harusi au mazishi. Darasa zima linakimbia kama swara na kulia machozi njia mbili mbili. Na bado tunaiita insha ya kubuni!

Sisemi methali na misemo ni mbaya. Ikipata mahali pake ni tamu. Shida ni kumfunza mtoto kwamba kile alichokiona kwa macho yake hakina alama.

Mtaala wa CBC ulianza 2019, na KCPE ikafanywa mara ya mwisho 2023. Kwa karatasi, ubunifu ni mmoja wa umilisi 7 wa msingi. Poa. Lakini mtaala haushiki kalamu nyekundu. Anayeishika ni mwalimu, mara nyingi yule yule aliyetufunza kukariri, na ana rundo la madaftari ya kusahihisha usiku.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo, na halihitaji pesa ya serikali. Mwalimu, tenga alama 5 za kitu kimoja ambacho mwanafunzi amekiona mwenyewe. Foleni ya maji, askari wa kanjo wakimfukuza mama mboga, deni la unga dukani. Sahihisha sarufi yake, hiyo ni kazi yako. Usimfutie mtaa wake.

Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kutundika ukutani. Kinachonilipia nyumba leo ni kuandika kuhusu mtaa, matatu na watu wake. Ilinichukua miaka kuamini tena kwamba hayo yanafaa kuandikwa. Mtoto aliye darasani sasa asingoje hivyo.