AFYA YA JAMAA: Mshipa Ukishazibuliwa, Dawa ya Lehemu ni ya Nini?

Tangu mwaka 2024 mkazi wa Kihonda anayeugua moyo aweza kupanda treni ya umeme karibu na kwake, na kabla ya saa mbili kwisha akawa Dar es Salaam. Huko, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, wataalamu hupitisha mrija mwembamba mkononi au kwenye kinena hadi kwenye mshipa wa moyo ulioziba, wakaupanua kwa puto na kuacha humo kijibomba cha waya kiitwacho stenti. Dakta Andreas Grüntzig ndiye aliyetangulia kutumia puto hilo katika moyo wa mgonjwa, mjini Zurich, Septemba 1977.

Mgonjwa hurejea nyumbani kifua hakibani tena. Hapo ndipo mashaka yanapoanza. Baada ya miezi michache jamaa humwuliza: umeshapona, vidonge vyote hivyo vya nini? Naye huanza kuviacha, na mara nyingi cha kwanza kuachwa ni cha kupunguza lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli, kwa kuwa hakimpi nafuu yoyote anayoihisi.

Ndugu msomaji, mshipa wa moyo si bomba la chuma. Ndani umetandikwa utando mwembamba wenye uhai. Utando huo ukiwa na afya hutoa gesi ya naitriki oksaidi, ambayo huulegeza mshipa ukapanuka pale moyo unapohitaji damu zaidi, kama vile mtu abebapo gunia au apandapo kilima. Lehemu ikizidi katika damu, utando huzubaa, na pengine mshipa hunywea pale ulipopaswa kupanuka. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulionyesha kwamba lehemu ikipunguzwa kwa dawa kwa miezi kadhaa hadi mwaka, mishipa ya moyo huanza tena kupanuka vizuri zaidi.

Isitoshe, stenti hutengeneza mahali pamoja tu. Iko mishipa midogo mno isiyoingilika kwa waya wala puto, nayo ndiyo huigawa damu ndani ya msuli wa moyo. Barabara ya Dodoma yaweza kuwa nyeupe kabisa, lakini vichochoro vya Kihonda vikijaa matope mzigo haufiki nyumbani. Dawa ya lehemu husafiri na damu hadi huko vichochoroni.

Ni haki kusema kwamba dawa hizi, ziitwazo statini, hazikuonekana kuzuia kovu linaloweza kuubana tena mshipa pale pale ulipopanuliwa kwa puto. Kazi yake ni pana zaidi. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 1,677 waliokwisha kuzibuliwa mishipa. Kwa waliopewa fluvastatini, hatari ya kufa kwa moyo, kupata shambulio la moyo au kuhitaji kuzibuliwa tena ilipungua kwa asilimia 22, ikilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Wapo wasemao, "Nimeacha nyama ya mafuta, yatosha." Kuiacha ni vyema, na mboga na maharage yanayoteremka kutoka Mgeta ni neema ya mji wetu. Lakini sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na ini lenyewe, hata kwa mtu alaye mchicha mtupu. Statini hupunguza utengenezaji huo, na ini hulazimika kuichota lehemu iliyomo katika damu.

Misuli ikiuma, mweleze daktari. Aweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Vidonge vya kuzuia damu kuganda ndani ya stenti navyo visiachwe kabla daktari hajaamua, kwani stenti yaweza kuziba ghafla. Lehemu hupimwa tena baada ya wiki 4 hadi 12 tangu dawa kuanzwa. Kwa aliyewekewa stenti, madaktari wengi hutaka lehemu mbaya ishuke chini ya 1.4 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, basi aulize yake imefika ngapi na aiandike katika daftari lake la kliniki.