Diwani Aliyenyimwa Majibu

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba halmashauri hufilisika kwa wizi tu. Risiti zikikutwa kamili, basi mambo ni shwari. Mkasa wa Northamptonshire, kaunti iliyo katikati ya Uingereza, unawasuta wenye dhana hiyo.

Halmashauri ya kaunti hiyo iliundwa mwaka 1889. Shughuli zake zilikuwa elimu, barabara, maktaba, na matunzo ya wazee na watoto. Uzoaji wa taka na masuala ya nyumba vilikuwa mikononi mwa halmashauri saba za wilaya. Madiwani wa kaunti walikuwa 57, na tangu mwaka 2005 waliotawala ni wa chama cha Conservative. Kwa utaratibu wa Waingereza, anayeongoza kwa kura katika kata huchukua kiti, hata kama walio wengi hawakumtaka. Hivyo chama kimoja huweza kukijaza chumba cha mikutano, na upinzani ukabaki kundi dogo la kunung'unika.

Tangu mwaka 2010 Serikali Kuu ilikata sana ruzuku za halmashauri. Hilo ni kweli, na watetezi wa Northamptonshire hawakuchoka kulisema. Lakini halmashauri yenyewe ilipitisha miaka kadhaa bila kupandisha kodi ya majumba, kwa kutaka sifa kwa wapiga kura. Kisha mwaka 2017 ikafungua makao makuu mapya yaliyogharimu pauni milioni 53. Februari 2018 mweka hazina akatoa hati chini ya kifungu cha 114 cha sheria ya fedha ya mwaka 1988, inayopiga marufuku matumizi mapya. Jengo lile jipya likauzwa mwaka huohuo, mwenye nyumba akageuka mpangaji!

Mkaguzi aliyetumwa na Serikali, Max Caller, alitoa taarifa yake Machi 2018. Hakukubali kwamba ruzuku ndiyo iliyoiangusha halmashauri, maana kaunti nyingine zilipunguziwa vilevile na zikasimama. Jambo lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni malalamiko ya madiwani kwamba walipoomba taarifa za fedha walinyimwa. Sasa diwani wa namna hiyo kazi yake ni nini? Anapiga kura juu ya bajeti asiyoijua, kisha anarudi kwenye kata yake kuitetea. Maofisa walionyamaza nao hawana udhuru. Mtumishi wa umma analipwa ili aseme ukweli hata kama kiongozi wake amekunja uso.

Walioumia hawakuwamo katika mikutano hiyo. Mpango ulikuwa kufunga maktaba 21, na ilibidi wananchi wakimbilie Mahakama Kuu, ambayo Agosti 2018 iliutangua uamuzi huo.

Caller alishauri halmashauri zote nane zivunjwe, na Aprili 1, 2021 zikazaliwa mbili mahali pake: ya Kaskazini na ya Magharibi. Conservative walishinda zote mbili mwaka huo. Mei 2025 zikachukuliwa na Reform UK. Mipaka imebadilika na chama kimebadilika. Je, diwani wa kawaida, awe wa chama kinachotawala au la, akiomba hesabu leo anapewa? Hilo ndilo swali ambalo mpiga kura wa Corby au Daventry angepaswa kumwuliza diwani wake kabla ya kuuliza habari za mashimo barabarani.